Nusu ya Kushoto

Uchovu wa jembe na uchovu wa kurudia kazi ni vitu viwili, asikudanganye mtu. Wa jembe unalala nao, ukiamka umeuacha kitandani. Wa kurudia unaamka nao, unakunywa nao chai, unatoka nao mlangoni. Shufaa binti Bwanausi alikuwa na huo wa pili, na Jumanne ile asubuhi ulikuwa umeshamkaa mabegani kabla hajaweka hata mkoba wake chini.

Ujumbe wa sauti ulikuwa unamngoja kwenye simu. Uliletwa na Sabiha, msimamizi wa kampuni moja ya katuni huko Dar es Salaam, binti mwenye adabu zake, ambaye hajawahi kutoa habari mbaya bila kumuulizia kwanza mama wa mtu.

"Asalaam alaykum dada Shufaa, mmeamkaje huko Bagamoyo? Mama hajambo? Dada, samahani sana. Bibi Upawa amerudi tena. Akifumbua mdomo tu anapasuka katikati, kuanzia mdomo wa chini mpaka puani. Wakubwa wamesema Jumanne ijayo adhuhuri ndiyo mwisho. Isipokuwa sawa, kazi anapewa mtu mwingine. Nisamehe dada, mimi mjumbe tu."

Mjumbe hauawi. Shufaa akajibu kwamba amesikia, akashukuru, akakaa kitini akiitazama kompyuta iliyozimwa.

Bibi Upawa alikuwa bibi wa katuni, mnene, mfupi, mwenye kanga mbili na upawa mkononi, atakayewafundisha watoto wa shule mambo ya chakula. Kwa watu wengine ni katuni tu. Kwa Shufaa ilikuwa kazi ya kwanza kuandikwa jina lake. Miaka minne amefanya kazi kwa mjomba wake Mbaruku, na miaka yote minne kila kitu kilichotoka pale kilitoka kwa jina la Mbaruku, kama ilivyo haki ya mwenye karakana. Safari hii Mjomba mwenyewe, bila kuombwa, aliandika kwenye barua ya makubaliano: Kazi ya Shufaa Bwanausi. Akasema, "Umeshakuwa fundi. Fundi hujulikana kwa jina lake." Mara mbili sasa jina hilo limekwenda Dar likarudishwa. Likirudi mara ya tatu, hakuna atakayeliita tena, maana wafanyao kazi hizi mjini wanajuana wote.

Na lililokuwa likimmaliza ni kwamba hakuelewa. Kasoro ya Bibi Upawa aliijua, na aliirekebisha. Aliirekebisha mara ya kwanza, akairekebisha mara ya pili, kwa mkono wake, kwa macho yake. Mtu anaziba tundu la mtungi leo, kesho anakuta linavuja palepale. Usinitajie methali ya ufa na ukuta, Shufaa alishaisikia mpaka ikamchosha.

Sasa ili usipotee, nikwambie kasoro yenyewe.

Mwili unaochongwa kwenye kompyuta si gogo. Ni wavu, uliokunjwa ukafanana na mtu, na kila penye kifundo cha wavu unaweza kukivuta ukapata shavu, ukapata kidevu. Kabla ya kuchonga mtu yeyote huwa kuna umbo la mwanzo, mwili mtupu usio na sura, na juu yake ndipo unapochonga unayemtaka. Umbo hilo sharti lilingane kulia na kushoto. Kila kifundo cha huku kiwe na mwenzake kule, na vile vya katikati, kuanzia utosini kushuka puani mpaka kitovuni, visimame juu ya mstari wenyewe, kwenye sifuri, viwe mali ya pande zote mbili. Ikiwa hivyo, unachonga shavu moja na la pili linafuata lenyewe. Isipokuwa hivyo, upande mmoja unatii na wa pili unakubishia.

Pale karakana maumbo ya mwanzo aliyatengeneza Mjomba Mbaruku, na yalikuwa wazi katikati. Uwazi mwembamba kama unywele, lakini upo.

Na haukuwapo kwa uvivu. Mjomba alichonga milango miaka thelathini kabla kifua hakijakataa vumbi la mninga, na mlango wa pwani una mbao mbili zinazokutana katikati. Fundi anayejijua hazikutanishi mpaka zibane. Masika mbao huvimba, na mlango uliobana utakwama, mwenye nyumba alale nje. Kwa hiyo unaacha nafasi, na juu ya nafasi unapigilia mfaa, ule mti wa katikati unaosimama toka juu mpaka chini, uliochongwa maua kuliko mlango wote. Mfaa unasitiri uwazi, na anayepita njiani husifu maua. Mjomba alipojifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini, alikuja nayo hekima hiyo. Akauacha uwazi katikati ya mwili wa mtu, akaufunika kwa utepe mwembamba wa wavu, akaridhika. Na kioo cha kompyuta, ile njia ya kupindua upande mmoja ukawa miwili, hakukitaka. Alisema kioo hakijui mbao. Kila upande aliuvuta kwa mkono, kifundo kwa kifundo.

Kwa miaka yote hiyo haikumdhuru mtu. Walikuwa wakitengeneza vinyago vya plastiki vya kuuzwa hotelini na picha za kubandika ukutani, na kinyago hakisemi. Bibi Upawa ndiye wa kwanza aliyetakiwa kufumbua mdomo.

Shufaa aliuona uwazi ule mwezi wake wa kwanza kazini. Utauliza mbona hakusema. Ungesema wewe? Baba yake alipofariki, Mjomba ndiye aliyemsomesha. Mjomba ndiye aliyemshika mkono juu ya kipanya cha kompyuta kama mtoto anavyoshikwa mkono juu ya ubao. Mtu hawezi kuinuka mbele ya mjomba wake akamwambia, mzee, hiki ulichonifundisha kina kasoro. Basi akanyamaza, akawa anatengeneza. Kila kazi, kabla ya kuanza, anaondoa utepe, anavisukuma vifundo vya katikati kwenye sifuri, anafuta nusu moja ya mwili, anaipindua iliyobaki ikawa mbili, anashona. Ilikuwa kazi ya robo saa.

Mwaka huu wa mwisho, saa tatu. Maana maumbo ya Mjomba yalikuwa yameanza kuharibika, na yaliharibika upande mmoja. Nusu ya kushoto ya skrini ilikuja na sikio limeshuka, vifundo vimerukwa, shavu limebonyea mahali pasipo na sababu, na vurugu hiyo ilivuka mstari ikavuta hata vya kulia. Shufaa aliifuta nusu ya kushoto, akabaki kunyoosha ya kulia, akaipindua. Wiki baada ya wiki alifuta kushoto. Kimoyomoyo alisema uzee umekuja na uzembe, kisha akaona haya kwa kulisema hilo, akaendelea.

Siku ile ya Jumanne Mjomba aliingia karakana saa mbili, akaitikia shikamoo, akasikia alichosema Sabiha. Hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ya viua iliyofuliwa mpaka ikawa laini. Alimtazama Shufaa kwa upande, kichwa amekigeuza kidogo, kama alivyozoea siku hizi.

"Usivunjike moyo, mwanangu," alisema. "Wewe fanya sehemu yako, na mimi nitafanya yangu. Safari hii nitaiangalia kwa makini zaidi."

"Ahsante, Mjomba."

Laiti angejua anashukuru nini.

Akaanza tena, mara ya tatu. Jumatano umeme ulikatika toka asubuhi hadi alasiri, akakaa barazani akipepea uso kwa gamba la daftari. Alhamisi alifanya mpaka mgongo ukakakamaa. Ijumaa alimkuta mama yake, Bi Mwaija, anachambua mchele uani, akajitupa kwenye mkeka pembeni yake hata baibui hajavua.

"Umekonda," mama yake akasema.

"Nimechoka tu."

"Kuchoka kunakondesha pia. Ni ile kazi inayorudi?"

Shufaa akamweleza, na kwa mara ya kwanza akamweleza na la uwazi wa katikati. Bi Mwaija alikuwa mdogo wake Mbaruku, tumbo moja. Alisikiliza huku vidole vinatafuta mawe kwenye ungo.

"Mwambie," akasema. "Mficha uchi hazai."

"Nimwambie mimi? Wewe uliwahi kumwambia nini?"

Bi Mwaija akaupepeta ungo. "Kaka yangu mkubwa yule. Mwaka niliokupata wewe aliniletea viatu toka Unguja, vinanibana hata damu inasimama. Nilivivaa miaka miwili." Akarusha jiwe nje ya ungo. "Lakini mimi ni wa zamani. Wewe mwambie."

Shufaa alicheka, na kicheko kilimchosha.

Jumamosi jioni akamaliza. Alimfumbua Bibi Upawa mdomo, akaufumba, akaufumbua, mara nyingi mpaka akaacha kuhesabu. Midomo ilikutana sawasawa. Hapakuwa na ufa, hata ukivuta picha mpaka pua ikajaa skrini nzima. Akahifadhi faili kwenye kompyuta ya Mjomba, kama desturi ilivyokuwa, maana kazi zote zilipita mkononi mwake kabla ya kutumwa. Jumapili ni siku ya karakana kufagiliwa tu. Jumatatu karakana hufungwa, kwa sababu ni siku ya Mjomba ya macho.

Mjomba alikuwa na presha ya macho. Aliambiwa miaka mitatu nyuma kwenye hospitali ya Dar, akapewa dawa ya matone na kadi ya kurudi kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, akasema sasa anatakiwa kila Jumatatu. Nyumbani walimwonea huruma. Bi Mwaija alikuwa akimwombea kila baada ya swala. Mtu akimuuliza anaendeleaje, alijibu, "Alhamdulillahi, wanasema inaenda vizuri."

Jumatatu ile Shufaa hakuweza kukaa nyumbani. Alifua kanga mbili, akaacha ndoo palepale. Wazo lilimjia kwamba huenda kompyuta yenyewe ndiyo inayoharibu, kwamba faili likilala siku mbili linaoza lenyewe kama samaki. Alijua ni upuuzi. Mtu aliyechoka hushika hata upuuzi. Akachukua ufunguo wa nyuma, akatembea mpaka karakana, ili alitazame faili kabla ya Jumanne.

Mlango wa nyuma haukuwa umefungwa.

Mjomba alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mgongo kwa mlango. Uso wake ulikuwa umbali wa shubiri moja toka skrini, na shingo ameipinda upande. Kwenye skrini alikuwa Bibi Upawa, amegawanyika katikati toka utosini mpaka kifuani. Mjomba alikuwa anashika kifundo, anakivuta kidogo nje ya mstari, anakiacha, anatafuta kingine. Alikuwa anavihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika upande wa kushoto, mkono ulipapasa. Alivuta kifundo, akakikosa, akavuta cha sikio badala yake, na hakuona.

Shufaa alisimama pale, na kwanza kilichompanda ni hasira. Nasema kweli, ilikuwa hasira ya kutaka kupiga kitu teke. Wiki tatu za mgongo wake, na jina lake, na huyu hapa mzee anafumua.

"Shikamoo, Mjomba."

Mbaruku alishtuka mpaka kofia ikasogea. "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Mbona leo?"

"Na wewe mbona leo? Si siku ya macho?"

Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na uchafu.

"Kaa," akasema. Shufaa akakaa. "Sikutaka ulijue hili, lakini umelikuta, na labda ni bora. Kuna kitu unakisahau. Si kosa kubwa. Hata mimi nilipokuwa nafundishwa na marehemu fundi Twalib nilikisahau, na yeye alinichapa rula ya chuma, mimi sitaki kukufanyia hivyo. Unasahau kuacha nafasi ya katikati. Kila kazi ninayokupa naiacha, na kila kazi ikirudi kwangu nafasi haipo. Nikasema, binti huyu ana mkono mzuri, nikimwambia nitamvunja moyo, ataacha. Nikawa nakusawazishia mwenyewe, nafungua na kuweka utepe, kisha natuma. Wewe hupo kuona, na aibu haipo."

"Kila kazi, Mjomba?"

"Kila kazi, toka ulipoanza. Zamani nilikuwa nafanya jioni ukishaondoka, kwa saa moja tu nimemaliza. Siku hizi hainitoshi siku nzima. Vifundo vimekuwa vidogo sana."

Vifundo vilikuwa vilevile vya miaka yote.

Shufaa alitaka kucheka, akataka kulia, akakosa nguvu ya vyote viwili. Aliitazama mikono yake juu ya mapaja. Alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena, na kwamba kesho adhuhuri jina lake litakuwa limekwisha.

"Mjomba, nisamehe kwa ninalosema," akaanza. "Sikusahau. Nafasi hiyo naiziba mimi. Naiziba makusudi, kila kazi, toka mwezi wa kwanza."

"Unaiziba?"

"Naiziba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu hana mfaa, Mjomba."

Akavuta kipanya taratibu toka mkononi mwa mzee, akamfumbua Bibi Upawa mdomo. Mdomo wa chini ukaachana katikati, wa juu nao ukaachana, utepe ukabaki unaning'inia katikati ya meno, na ufa ukapanda mpaka puani. Mjomba hakuwahi kuona umbo lake hata moja likifumbua kinywa. Alisogea karibu, kisha akarudi nyuma.

"Lahaula," alisema polepole. "Kwa hiyo aliyeirudisha mara mbili ni mimi."

"Ni sisi wawili."

"Na ulijua miaka minne hukuniambia."

"Na wewe ulijua miaka minne hukuniambia."

"Nilikuwa nakusitiri."

"Na mimi nilikuwa nakusitiri wewe."

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, hakuna aliyemwita. Watu wawili wanaopendana, wenye adabu zao, miaka minne mmoja anashona na mwingine anafumua, na wote wanashukuriana kila Jumanne asubuhi. Ukisema ni ujinga hukukosea, lakini kaulize nyumba yoyote ya pwani kama hawana chao cha namna hiyo.

"Nionyeshe unavyofanya," Mjomba akasema mwisho.

Shufaa akamwachia kipanya yeye. Akamwelekeza aondoe utepe, achague vifundo vyote vya katikati kwa mara moja, avipeleke sifuri. Vikaenda vyote pamoja, vikanyooka. Akamwambia afute nusu moja.

"Ipi?"

"Ya kushoto."

"Kwa nini ya kushoto?"

Shufaa akasita. "Ya kulia imekaa vizuri zaidi."

Mjomba akaifuta. Nusu bibi ikabaki inaelea. Akaambiwa abonyeze kioo, akabonyeza, na nusu ya pili ikatokea palepale, sikio kwa sikio, shavu kwa shavu. Kilichobaki ni kunyoosha hapa na pale.

"Halafu?"

"Halafu basi."

Mzee aliitazama skrini kwa muda mrefu. "Siku nzima mimi," alisema, wala hakuwa akimwambia mtu. "Kila Jumatatu."

Hapo ndipo Shufaa alipolisikia neno lile sawasawa.

"Mjomba, kila Jumatatu ulikuwa hapa?"

Mjomba akainuka kwenda kutafuta birika la kahawa ambalo lilikuwa tupu.

"Hospitali mara ya mwisho ulienda lini?"

"Dawa nilikuwa nayo."

"Mjomba."

"Mwaka jana," akasema, amempa mgongo. "Kabla ya Ramadhani. Nikaona safari ya kwenda na kurudi ni siku nzima, na siku nzima ndiyo niliyokuwa nayo. Kazi ikiwa imekosewa haiwezi kungoja. Macho yanangoja."

Jumanne asubuhi walimtuma Bibi Upawa pamoja, wameketi kwenye benchi moja. Jumatatu iliyofuata Shufaa alimpeleka Mjomba hospitali mwenyewe, akiishika kadi mkononi asije akaambiwa imesahaulika.

Walimkalisha mbele ya mashine ya kupimia. Unaweka kidevu mahali, vinakuja vimwanga vidogo pembeni, ukikiona kimoja unabonyeza kitufe. Shufaa alisimama mlangoni, akakisikia kitufe kikibonyezwa. Jicho la kulia lilibonyeza mara nyingi. La kushoto lilipofika zamu yake, alingoja kusikia, akangoja tena, na Mjomba alikuwa amekaa na kidole tayari, mtulivu, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

Daktari alikuwa mama wa makamo aliyesema taratibu. Aliwaonyesha karatasi yenye duara mbili. Ya kulia ilikuwa na kivuli pembeni. Ya kushoto ilikuwa nyeusi yote, isipokuwa kijisehemu kimoja karibu na ukingo.

"Hili la kulia tutalilinda, akitia dawa kila siku na akija kila anapotakiwa," alisema. "La kushoto halitarudi. Presha ya macho ikishachukua haileti tena. Angekuja mwaka jana tungeweza kulizuia."

Mjomba alikitikisa kichwa kukubali, akasema ahsante daktari. Akauliza kama dawa ni ileile ya matone.

Walipotoka kwenye ujia, simu ya Shufaa ikalia. Ni Sabiha. Aliuliza hali ya mama, akauliza hali ya mzee, kisha sauti yake ikachangamka. "Dada, amepita. Anasema, anacheka, hapasuki. Wakubwa wamependa sana, wamesema jina lako litaandikwa mwishoni kwa herufi kubwa. Hongera dada." Shufaa aliisikiliza mpaka mwisho, simu sikioni, macho yake yakiwa kwa Mjomba aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, mkono mmoja umefunika jicho la kulia, anageuza uso huku na huku kulitafuta dirisha. Alipoona anatazamwa akautoa mkono haraka.

"Kazi imepita?" akauliza.

"Imepita."

"Si nilikwambia? Umeshakuwa fundi."

Shufaa alilia palepale ujiani, mbele ya watu, wala hakujificha na ushungi.

Keshoye Jumanne alifika karakana kabla ya Mjomba. Kwenye kompyuta yake mwenyewe mlikuwa na maumbo yote aliyoyapokea toka kwa Mjomba, kama yalivyokuwa kabla hajayagusa. Alikuwa akiyaweka kwa mpangilio wa miezi, na hakuwahi kuyafungua tena. Akayafungua. Akaanza na la mwaka jana kabla ya Ramadhani. Kushoto na kulia vilikuwa sawa, kazi ya fundi hasa. Mwezi uliofuata ukingo wa sikio la kushoto umelegea kidogo. Miezi miwili mbele, sikio limeshuka. Kisha shavu. Kisha vifundo vinarukwa vitatu, vinne, kumi. La mwezi uliopita, nusu ya kushoto ilikuwa imebomoka yote, na ya kulia imesimama. Yote yalikuwa pale, mwezi kwa mwezi, wazi kuliko karatasi ya daktari. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea habari hiyo kila wiki, na kila wiki aliifuta, akapindua upande mzuri, akasema uzembe.

Nyayo zikasikika uani. Mjomba akaingia, akasimama, akageuza kichwa mpaka jicho la kulia likaipata skrini.

"Unatazama nini asubuhi yote hii?"

Kidole cha Shufaa kilikuwa tayari juu ya kipanya, kufunga. Mkono wake ulishazoea hivyo.

"Kazi zako toka mwaka jana, Mjomba."

"Zina kasoro?"

"Zina," alisema. "Njoo nikuonyeshe."

Akainuka, akakivuta kiti chake, akakisogeza mpaka mahali ambapo mzee angeweza kuona, akamkalisha.